Boti Iliyoamshwa Usingizini

Soksi ya mtoto wa siku moja huenea kidole gumba cha bibi yake. Raili alilijua hilo kwa sababu alikuwa akipima kila jioni. Alifuma soksi mbili za sufu nyeupe zenye upindo wa buluu, na kila alipomaliza mistari miwili mitatu aliivika kwenye gumba, akalitingisha kama mwanasesere, akacheka peke yake jikoni. Miaka hamsini na saba, mvi zimeshaingia, mikono imekomaa kwa makasia na nyavu, lakini ungemkuta na ile soksi kidoleni ungesema ni msichana anayecheza kibaba na kimama.

Mjukuu wa kwanza alikuwa njiani. Hesabu ya wakunga ilisema bado wiki mbili na nusu.

Raili alizaliwa hapo hapo Pajuluoto, kisiwa kidogo katikati ya ziwa, akakulia katika nyumba ile ile nyekundu, na kazi yake ikawa ile ile ya mama yake: kukausha samaki kwa moshi. Majira ya joto, kila Jumamosi, aliwavusha samaki wake ng'ambo kwa boti ya mashine, na wateja walimjua kwa harufu kabla hawajamwona sura. Mumewe, Esa, mtu wa bara, alivumilia kisiwa miaka kumi na minne, kisha akasema ameshiba barafu, akarudi zake mjini. Waliachana bila matusi. Alimwachia binti mmoja, Outi, na hiyo boti.

"Na boti ndiyo iliyokuwa rahisi kulea," Raili hupenda kusema, Outi mwenyewe akiwa amesimama hapo hapo.

Sasa, kuna majuma mawili kila mwaka, au matatu, au matano mwaka ukiwa mkaidi, ambapo ziwa si maji wala si nchi kavu. Barafu imekuwa nene mno boti ipite, na bado ni nyembamba mno mtu aikanyage. Wenyewe huyaita kelirikko. Yakikukuta kisiwani, unakaa kisiwani. Unga wako uwe umeshaununua, jino lako uwe umeshaling'oa, na ugomvi wako na watu wa ng'ambo utasubiri mpaka barafu ikomae.

Outi alizaliwa katika majuma hayo hayo, miaka thelathini iliyopita. Raili alijifungua hospitali ya mjini, na mama yake akawa amefungiwa Pajuluoto. Siku thelathini na tano. Barafu ilipobeba, bibi alivuka ziwa siku hiyo hiyo kwa kigari cha kuteleza barafuni, maandazi yake ya shayiri nyeusi yameganda kama mawe kwenye kikapu, akasimama mlangoni kule mjini akamkuta mjukuu amenenepa na anatabasamu. Hakuingia mara moja. Alisimama pale na kofia yake mkononi, akasema, "Kumbe ameshaanza bila mimi." Raili hakuyasahau maneno hayo. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yeye alimtaka mjukuu bila majuto.

Na safari hii palikuwa na zaidi ya kumwona mtoto. Mume wa Outi ni baharia wa meli ya mizigo, na meli haisimami baharini kwa ajili ya uchungu wa mtu. Outi aliuliza kwa simu, kwa sauti ndogo ambayo Raili hakuwa ameisikia tangu binti yake akiwa darasa la pili: "Mama, utakuja unishike mkono?"

"Nitakushika mpaka wewe mwenyewe useme nikuachie."

Basi alikuwa amepanga vizuri. Alhamisi angeipandisha boti nchi kavu na kuilaza kwa majira ya baridi, maana boti iliyoachwa majini hubanwa na barafu ikavunjika mbavu. Jumamosi ingekuja boti kubwa ya barua, safari yake ya mwisho ya mwaka, naye angepanda na mizigo yake, akakae kwa Outi mpaka mtoto aje.

Alhamisi asubuhi, ghuba ilikuwa imeshavaa ngozi nyembamba ya barafu, kama utando juu ya maziwa yaliyopoa. Mzee Taisto alikuja kusaidia, jirani yake pekee wa majira ya baridi, miaka sabini na minne, bega moja bovu na mdomo mzima kabisa.

"Wewe binti," alisema, maana alimjua Raili tangu anatambaa, "umechelewa wiki nzima. Boti yangu mimi imeshalala hata inakoroma."

"Boti yako ni ya makasia, mzee. Unaigeuza kifudifudi kama sufuria, kazi kwisha."

"Ndiyo maana naipenda. Haina matumbo."

Matumbo ya boti ndiyo kazi. Waliing'oa mashine mkiani mwa boti, wakaiwasha ndani ya pipa lenye dawa ya kuzuia kuganda; ikakohoa, ikanguruma, ikatema maji ya kijani, wakajua mishipa yake yote imeshakunywa dawa. Raili akalegeza skrubu ya chini, oili ya gia ikatiririka kwenye kopo la zamani la kahawa, na wote wawili wakaliinamia kopo kama waganga wanaosoma ramli. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, ujue maji yameingia. Na maji yakiganda humo ndani hupasua chuma kama yai. Ilikuwa nyeusi ti.

"Mzima," akasema Taisto, kwa huzuni kidogo, maana alipenda ugonjwa.

Wakajaza oili mpya. Wakaishusha mashine, wakaipeleka bandani kwa toroli. Kisha wakapanga magogo, wakafunga waya wa winchi kwenye pua ya boti, na Raili akazungusha mpini, kra, kra, kra, boti ikipanda ufukweni taratibu kama ng'ombe mwenye mimba. Tumbo lake la plastiki lilikuwa na ndevu za majani. Wakalisugua. Wakalikausha. Turubai likawa tayari kando.

Ikabaki kizibo. Nyuma ya boti, chini kabisa, pana tundu la upana wa kidole gumba, ambalo kizibo chake hufunguliwa boti ikishapanda, ili maji ya mvua na theluji yasituame ndani. Visiwani huko kizibo hakiwekwi mfukoni wala sandukuni. Hutundikwa msumarini juu ya mlango wa sauna, kibanda cha kuogea kwa mvuke, mwenye boti huiaga boti yake, na tangu hapo hakuna mkono unaokigusa mpaka barafu yote iondoke ziwani. Mama yake Raili alimchapa kibao kimoja tu maishani mwake, na ilikuwa kwa kuchezea kizibo mwezi wa pili.

Raili akakifungua, kipira cha rangi ya machungwa chenye mnyororo mfupi, akapanda kigoda, akakitundika. Taisto akavua kofia.

"Lala," Raili akaiambia boti. "Usiote mawimbi."

"Na usikojoe kitandani," akaongeza Taisto.

Wakaingia jikoni kunywa kahawa. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na robo mchana. Raili alikuwa bado na kikombe mdomoni simu ilipolia.

"Mama," ilikuwa Outi. "Usishtuke."

Raili akashtuka.

"Chupa imepasuka. Niko kwenye teksi, nakwenda hospitali. Mama? Ni mapema mno, eti? Si ni mapema?"

Raili aliweka kikombe chini. "Wiki mbili si kitu, mwanangu. Wewe ulikuja wiki moja kabla, ukatoka na kelele zako zote. Pumua. Mimi nakuja."

"Si ulisema leo unaipandisha boti?"

Raili alitazama dirishani. Boti ilikuwa imelala juu ya magogo, safi, mkia wake mtupu.

"Bado kidogo," akasema. "Nakuja sasa hivi."

Alipoweka simu, Taisto alikuwa ameshasimama. "Jumamosi, boti ya barua..."

"Jumamosi! Mzee, uchungu hausubiri barua!"

"Na barafu?"

"Ghubani tu. Katikati ni maji. Uliyaona mwenyewe asubuhi!"

"Niliyaona." Akavaa kofia. "Basi tunangoja nini hapa, kahawa ipoe?"

Mtu akisimulia jinsi walivyoifumua kazi ile huwezi kuamini. Walichokifanya kwa saa tatu walikitengua kwa dakika ishirini na tano. Raili alijifunga skafu kiunoni kama mtu anayeingia ngomani, akaitoa mashine bandani kwenye toroli akikimbia nayo, Taisto nyuma yake akipiga kelele, "Polepole, wewe mwanamke, hiyo si keki!" Kuinyanyua mpaka mgongoni mwa boti, kwa bega moja bovu na mikono mitatu mizima, sijui nguvu ilitoka wapi, ilitoka. Bomba la petroli likachomekwa. Winchi ikaachiwa, na boti, ambayo ilipanda kwa uvivu, ikateremka kwa furaha, ikapasua ile ngozi ya barafu kwa mlio wa glasi.

Raili akarudi ndani mbio, akachukua jaketi la kuelea, na kikapu. Maandazi ya shayiri nyeusi yenye uji wa mchele katikati alikuwa ameyaoka alfajiri ile, kwa ajili ya Jumamosi. Mama aliyejifungua hutembelewa na maandazi. Mkono mtupu haulambwi. Juu yake akatia kifurushi cha vitu vya kufuma, akafunika kitambaa, akakimbia tena.

Kamba ya mashine aliivuta mara moja, kimya. Mara mbili, kikohozi. "Usinifanyie hivyo leo," aliiambia, "leo nakuomba." Mara ya tatu ikawaka, ikatema dawa ya kijani, Taisto akarusha mikono juu kama mtu aliyefunga goli.

"Msalimie mjukuu! Mwambie jina zuri ni Taisto!"

"Akiwa wa kike je?"

"Hata hivyo!"

Ghubani alikwenda polepole, maana barafu, hata ikiwa nyembamba kama kucha, hukwaruza tumbo la boti ukiikimbilia. Vipande viliteleza pembeni vikiimba. Jua la mwezi wa kumi na moja lilikuwa chini, la manjano, na moyo wa Raili ulikuwa unapiga kwa namna ambayo hakuijua kama ni hofu au ni sherehe. Naenda kumpokea mtoto, alijisemea. Naenda, mama, unaona? Mimi naenda.

Aligeuka kuangalia nyumbani. Taisto alikuwa amefika mwisho wa gati, anarukaruka, anapunga mkono mmoja juu na kitu chekundu-chekundu kikining'inia. Maskini mzee, akawaza Raili, amefurahi kama baba wa mtoto. Naye akampungia.

Taisto akapunga kwa nguvu zaidi. Akaelekeza kidole kwenye kile kitu. Akaelekeza kwenye boti. Akajishika kichwa.

Ndipo Raili alipohisi baridi vidoleni mwa miguu.

Akatazama chini. Maji yalikuwa yamefika juu ya viatu, kikapu kilikuwa kinataka kuelea, na nyuma pale, chini ya mashine, ziwa lilikuwa linaingia kwa tundu la upana wa kidole gumba, bila haraka, kama mgeni aliyekaribishwa.

Simu ikalia mfukoni.

"Raili! Kizibo ninacho mimi!"

"Nimeshajua!"

"Kilikuwa msumarini! Nimekipita mara kumi! Mkono wangu haukukigusa, nani anagusa kizibo mwezi wa kumi na moja?"

"Hata mimi, mzee! Hata mimi!"

"Geuza urudi!"

Raili alitazama nyuma, ghuba, gati, nyumba nyekundu. Kurudi ni kuipandisha tena boti iliyojaa maji, kuimwaga, kuishusha. Saa mbili, labda tatu, na saa tisa na nusu giza linaingia. Gizani hakuna mtu anayevuka kwenye barafu mpya. Kurudi maana yake ni kubaki. Aliona mlango, na mama yake na kofia mkononi.

"Sirudi!"

"Mkaidi kama mama yako! Basi nisikilize! Toka kwenye barafu, kisha kaza mashine mpaka mwisho! Boti ikinyanyua pua, maji yote yatatoka kwa tundu lile lile yaliloingilia! Ila usipunguze! Ukipunguza tu, yanarudi! Unasikia?"

"Nakujua unavyopenda kufundisha!"

"Unasikia?"

"Nasikia, babu!"

Barafu ilikwisha ghafla, kama zulia linavyokwisha, mbele yakawa maji meusi matupu, kilomita sita mpaka ng'ambo. Raili akakaza. Mashine ikalia, lakini boti ikabaki imechuchumaa. Tumbo limejaa, mkia umezama, pua inatazama mbinguni na haiendi. Maji yakapanda kifundoni.

Akafikiri kwa mikono, kama wanavyofikiri watu wa ziwani. Nanga na mnyororo wake: kilo kumi na mbili. Akavinyanyua, akavitupa. Sanduku la vifaa, lile alilopewa na Esa siku ya harusi badala ya pete: "Samahani, Esa," likaenda. Dumu la petroli akalisukuma kwa mguu mpaka mbele. Kikapu akakitundika kwenye ndoano ya pua, kikichuruzika. Kisha akainama mbele kadiri alivyoweza, mkono mmoja nyuma kwenye usukani wa mashine, kifua karibu kiguse magoti, akapiga kelele ambayo hakuna aliyeisikia ila bata wawili waliochelewa kuhama.

Boti ikajitingisha. Ikafikiri. Ikanyanyuka.

Lo! Ilikuwa kama kufunguliwa kamba. Pua ikashuka, mkia ukapanda, boti ikaanza kuruka juu ya maji, na yale maji ya ndani yakakimbilia nyuma, yakajipanga mbele ya tundu, yakatoka nje kwa mlio wa mtu anyonyaye supu. Raili akacheka kwa sauti. Machozi yalikuwa yanamtoka kwa upepo na kwa mengine. Miguu imekufa ganzi, pua inatiririka, skafu inapepea kama bendera, na yeye anacheka. Miaka yote aliendesha boti taratibu kwa ajili ya samaki. Hakujua kama yule ng'ombe ana mbio za farasi.

Dakika kumi na mbili. Kila mara akitupa jicho chini: maji kwenye kamba za viatu, maji kwenye soli, sakafu tupu.

Kisha akaiona ghuba ya ng'ambo. Ilikuwa inang'aa.

Ilikuwa imeganda, mita mia mbili kutoka gatini kuja nje, na barafu ya huko, kwa sababu ya kivuli cha msitu, haikuwa utando. Ukiikimbilia kwa kasi ile, inalipasua tumbo la plastiki kama kisu cha samaki. Ukipunguza, tundu linafunguka.

"Sasa mama," alijiambia Raili, "sasa."

Alirudi nyuma mpaka kwenye tundu, akapiga goti, na huku boti ikiwa bado inaruka akachomeka kidole gumba chake. Kilienea sawasawa. Lakini mwanamke hawezi kuvuka barafu akiwa amebandikwa nyuma ya boti kwa kidole; kuna kasia la kuvunjia barafu, nalo liko mbele. Alikitazama kidole. Akakumbuka kitu ambacho kidole hicho kilikuwa kikivaa kila jioni.

Akakichomoa, akatambaa mpaka kwenye kikapu, akapasua kifurushi kwa meno. Soksi moja akaitia kifuani, ndani ya fulana, mahali pakavu. Nyingine akaikunja, akaikunja tena, akaisokota mpaka ikawa ngumu kama kokwa la tunda, upindo wa buluu nje.

"Samahani, mpenzi," akasema, na safari hii hakuwa anasema na Esa.

Akarudi nyuma, akaisukuma ndani ya tundu kwa gumba, akaikandamiza kwa kisigino cha kiatu. Akapunguza mashine.

Boti ikashuka majini kwa tumbo lote. Raili akaziba pumzi. Tone. Tone jingine. Sufu, ikilowa, huvimba. Kila mfumaji anajua hilo, ingawa si kila mfumaji huliombea. Tone likakawia. Likakoma.

Akarukia mbele, akashika kasia, akaanza kuipiga barafu: pa! pa! pa! Mashine ikimsukuma kwa nyuma kama mtoto anayemsukuma mama yake sokoni. Vipande vikageuka, vikazama, vikainuka. Mikono ikawaka moto. Nywele zilizolowa zikaganda, zikawa zinagongana masikioni kama ushanga.

Gatini alikuwa amesimama Armas, mzee mnene anayetunza gati na ghala la boti za watu wa ng'ambo, mikono mfukoni, mdomo wazi.

"Raili? Wewe? Watu wanatoa boti majini, wewe unaleta?"

"Shika kamba!"

"Umechanganyikiwa?"

"Nina mjukuu! Shika kamba, Armas!"

Akaishika. Raili akaruka gatini na kikapu chake. "Ipandishe kesho, nakuomba. Ilaze vizuri. Mashine uinyweshe dawa tena. Na kizibo..." Lakini alikuwa ameshafika kwenye gari lake, ambalo hulala hapo gatini mwaka mzima, na maneno mengine aliyasema kwa kuwasha injini.

Alifika hospitali saa nane na dakika arobaini. Sakafu ya leba ilibaki na nyayo zake za maji kutoka mlango mkuu mpaka chumba cha nne, na mkunga kijana aliyemfungulia alimtazama kuanzia barafu ya nywele mpaka viatu.

"Wewe ni nani wake? Na mbona umelowa?"

"Mimi ni mama yake. Nimekuja na boti."

Mkunga akatazama dirishani, kwenye baridi, akafungua mlango mpaka mwisho. "Basi vua viatu, mama boti. Amefunguka sentimita saba, na anakutaja kila dakika tatu."

Outi alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, nywele zimemganda usoni kwa jasho, macho makubwa. Alinyoosha mkono. Raili akaushika kwa mkono wake wenye harufu ya petroli, na uchungu uliofuata ukaja, na binti akabana mpaka mifupa ikalia. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nao wote wawili walikuwa wanaujua, kila mmoja upande wake wa kiganja.

"Ulisema boti bado hujaipandisha," Outi alinong'ona ulipotulia.

"Niliipandisha. Nikaiamsha."

"Mama! Umevuka vipi?"

"Kwa soksi. Pumua, nitakusimulia. Pumua."

Alimsimulia kwa vipande, katikati ya uchungu na uchungu, na Outi alicheka mahali pa nanga na akalia mahali pa soksi, na mkunga alisahau kuandika muda mara mbili. Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, jioni, mtoto akaja. Wa kike. Mdogo, mwekundu, na kelele za mtu aliyefika kwa miguu yake mwenyewe. Walipomlaza kifuani mwa mama yake, Raili alitoa ile soksi moja kutoka ndani ya fulana. Ilikuwa kavu, na ina joto lake. Akamvika mguu wa kulia. Ilimwenea.

"Na wa kushoto?" aliuliza mkunga.

"Soksi ya kushoto iko kazini," alisema Outi.

Usiku ule ziwa liliganda lote, kutoka ukingo mpaka ukingo, kimya kimya. Boti ya barua haikutoka Jumamosi. Kelirikko yalidumu siku thelathini na moja mwaka huo, na safari hii yalimfungia Raili upande wenye mtoto. Alimwogesha, alimcheulisha, aliamka naye alfajiri. Siku ya ishirini na sita mtoto alipotabasamu kwa mara ya kwanza, na si kwa gesi, Raili alikuwepo, ameinama juu yake na nepi tatu za kuanika begani.

Armas alikuwa amepiga simu tangu ile Ijumaa asubuhi. "Boti yako imelala. Mashine imekunywa dawa, oili haina maziwa. Kizibo chako nimekitoa kwa koleo, kilikuwa kimeganda kama jiwe." Akakohoa. "Nimekitundika juu ya mlango wa ghala, kama inavyopasa. Ila Raili, kina upindo wa buluu. Nikikaushe nikuletee?"

Raili alimtazama mtoto, ambaye alikuwa bado hana jina, maana kwao mtoto hapewi jina mpaka siku ya ubatizo, na mpaka hapo huitwa lolote linalokuja mdomoni. Huyu, Outi alikuwa ameshaanza kumwita Kizibo.

"Umeshakitundika?"

"Nimeshakitundika."

"Basi hakiguswi. Kiache mpaka barafu iondoke."

Taisto, alipovuka kwa miguu mwezi wa kumi na mbili kuja kumwona mtoto, aliunga mkono kabisa. Alikuwa na kile kizibo cha rangi ya machungwa mfukoni, anakitoa kila mahali kama mwenye ushahidi. "Sheria ni sheria," alisema. "Mtoto anaweza kukaa na mguu mmoja wazi. Mimi nimekaa na bega moja."

Kwa hiyo mtoto alimaliza majira yote ya baridi na soksi moja nyeupe na moja ya kijivu ya dukani, na mjini watu walidhani bibi yake haoni vizuri. Mwezi wa tano barafu ilipasuka na kuondoka kwa siku mbili. Raili alikwenda kwa Armas, mtoto mkononi, akapanda kigoda, akaichukua soksi msumarini. Ilikuwa imekakamaa na kusinyaa, ina harufu ya ziwa na ya oili. Alijaribu kumvika mtoto. Iligota kwenye vidole.

Basi akaivaa mwenyewe, kwenye gumba, akalitingisha, na mtoto akalidaka kwa mikono miwili. Armas alikuwa ameshaanza kupanga magogo ya kuishushia boti.

"Kizibo!" alipiga kelele kutoka ufukweni. "Raili, safari hii kizibo kwanza!"